Mtani wa Tomasi

Mtu wa ukoo wangu akimwambia mtu wa ukoo wa Scholastika kwamba nyumba yake inaungua, yule atacheka kwanza, ndipo atoke nje kuangalia moshi. Ndivyo tulivyo. Koo zetu ni watani tangu enzi za babu wa babu zetu, huko juu milimani Uluguru, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Atakuita mchawi mbele ya wakwe zako. Atakuambia umekonda kwa uchoyo. Atakamata kuku wako mchana kweupe na huna pa kumshtaki. Ukifa ndiyo kazi yake inaanza hasa: anaficha jembe la kuchimbia kaburi, anatembea kama ulivyokuwa ukitembea, anakohoa kama ulivyokuwa ukikohoa, na waombolezaji wanacheka huku machozi yanawatoka. Mwisho anajitumbukiza kaburini, analala humo na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, kuku au kipande cha kitambaa.

Nayasema haya mwanzoni ili asitokee mtu wa kuniuliza baadaye, "Kwani mzee wewe hukusema?" Nilisema. Katika maisha yangu niliwaambia watu wa ukoo ule uongo mmoja mkubwa, wakauamini kwa miaka arobaini na saba. Halafu nikawaambia ukweli, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Jina langu ni Kondo. Nauza mkaa Mwembesongo, hapa mjini Morogoro, na watoto wa mtaa wananiita Mzee Masizi, jina ambalo sina sababu ya kulikataa. Makaa nimeyashika ujana wangu wote. Mwaka wa arobaini na moja, vita vya Hitla vikiwa vimepamba moto, mimi na Tomasi, kaka yake Scholastika, tuliteremka kutoka Kinole tukiwa vijana tusiojua hata kuogelea, tukaenda Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini. Kazi tuliyoipata ilikuwa melini. Meli za mizigo za Waingereza zilikuwa zikipungukiwa na watu kila mwezi, kwa sababu nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha, na nahodha aliyetuchukua hakuuliza mengi. Alitazama mabega yetu, basi. Tukapelekwa chini kabisa, kwenye matanuri ya mvuke, tukapewa makoleo.

Tulizunguka Afrika kwa upande wa kusini mpaka Uingereza, na kutoka hapo tukawa tunavuka Atlantiki, kwenda Kanada na kurudi, tumebeba ngano, mbao, nyama za kopo na vyuma. Hatukuvuka peke yetu. Meli arobaini au hamsini zilipangwa kwa safu, kama mistari ya mahindi shambani, na manowari chache zikitulinda pembeni. Msafara mzima ulikwenda kwa mwendo wa meli iliyo nzito kuliko zote. Sheria tulisomewa kabla ya kila safari: meli ikipigwa, nyingine zisisimame. Atakayesimama kuokoa watu atapigwa yeye pia. Nyuma kabisa ilikuwapo meli ndogo yenye kazi ya kuokota walioanguka majini, kama itawezekana. Mara nyingi haikuwezekana.

Mimi na Tomasi tulichochea makaa pamoja, tukala pamoja, tukatukanana kwa utani mchana kutwa mpaka Wazungu wakadhani tunachukiana. Safari yetu ya mwisho, Novemba ya arobaini na mbili, meli iliyopangwa mbele yetu ilipungukiwa na mchochea moto. Wakaja kuomba mtu, wakapewa Tomasi. Alishuka ngazi na mfuko wake begani, akanipigia kelele kutoka gatini, "Mtani, natangulia kubandika ugali! Wewe fuata moshi!"

Siku tisa nilifuata moshi. Kila nikimaliza zamu nilipanda juu, nikautazama ule moshi wa meli yake, nikamtukana kwa sauti kubwa, roho ikatulia. Siku ya kumi, alasiri, nilikuwa nimesimama pale pale ukingoni. Sikuona kombora. Niliona meli ya Tomasi ikinyanyuka katikati, kama ng'ombe anayetaka kuinuka, halafu ikakatika. Meli yetu ilipinda kidogo tu kuukwepa mzoga wake, ikaendelea na safari.

Tulipita katikati ya watu. Ilikuwa bado mchana, nuru ya kutosha kumwona mtu uso. Walikuwa weusi wote, Wazungu kwa Waafrika, kwa mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kila mmoja alikuwa na filimbi kwenye koti lake la kuelea na walikuwa wakizipuliza. Katikati ya filimbi zile nikasikia mtu anaita, "Mtani!" Katika bahari ile yote neno hilo lilikuwa na mwenyewe mmoja, naye ni mimi.

Tomasi alikuwa hatua kama ishirini kutoka ubavuni mwa meli. Aliniona. Aliinua mkono. Karibu na mguu wangu palikuwa na kamba imeviringwa, na ofisa mmoja alikuwa akifoka kwamba hakuna kuacha nafasi zetu. Sikuirusha kamba. Mtu anaweza kunitetea kwamba meli ilikuwa ikienda, kwamba kamba isingemfikia, kwamba mikono yenye mafuta haishiki kitu. Nimejitetea hivyo mwenyewe miaka mingi na kesi hiyo sijaishinda bado. Lakini lipo jambo moja ambalo halina utetezi wa aina yoyote. Nilirudi nyuma. Hatua moja, ya pili, mpaka ukingo wa meli ukamficha, ili asinione kwamba namwona. Akaita mara tatu. Baada ya hapo nikasikia filimbi yake tu, na baadaye hata filimbi sikuisikia.

Vita vilipokwisha nilirudi nyumbani, mwaka wa arobaini na sita, na sikuoga hata vumbi la safari kabla ya kupanda Kinole, kwa sababu nilijua nikichelewa siku moja nitachelewa daima. Habari zilinitangulia. Nikamkuta mama yake Tomasi amevaa kanga mpya, uwanja umefagiwa, watu wamejaa, na Scholastika, msichana wa miaka ishirini wakati huo, amesimama mlangoni akitazama nyuma yangu, kwenye njia, kama kaka yake amejificha ili awashtue. Nilifungua kinywa. Yule mama akaniwahi, "Haya mtani, sema, mwenzio umemwacha wapi? Amekuchoka?"

Nikasema, "Amebaki huko. Amepata mke, Mzungu mnene, anampikia viazi."

Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ambo ya bonde wakaitikia. Nikatoa begani blanketi la sufu la kijivu, nililopewa mimi melini, nikamkabidhi mama yule na kusema mwanawe amemletea. Alijifunika nalo pale pale, na jua lilikuwa kali.

Basi Tomasi hakufanyiwa matanga. Kwetu jina la marehemu hurithiwa na mpwa wake baada ya matanga, kwa hiyo na jina lake halikurithiwa na mtu. Kwetu pia ardhi ni ya ukoo wa mama, na fungu lake Tomasi lilibaki likimsubiri: migomba, mdalasini, na kipande cha mananasi chini karibu na kijito. Linaitwa shamba la Tomasi mpaka leo. Mama yake alikufa, Scholastika akaendelea kulipalilia. Ndizi zake hakuwahi kuzila wala kuzipeleka sokoni, aliwagawia wagonjwa. Kila nilipopanda mlima aliniuliza habari za kaka yake, nami nikawa naongeza. Amepata mtoto. Amepata wa pili. Anaishi Halifax, karibu na bandari, nyumba ina paa jekundu. Halifax nilipafahamu, tulipakia ngano huko. Miaka ile ya foleni za sabuni na sukari nani angekwenda Kanada kuhakikisha? Uongo wangu ulikaa kwa raha zake, nami nilizeeka nao.

Halafu zikaja enzi za ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikashuka kwa marobota, redio zikawa nyingi kuliko habari. Viwanda vya hapa Morogoro navyo vikaanza kufungwa kimoja kimoja, eti vinasubiri mwekezaji. Mtoto wa mwisho wa Scholastika, Rogers, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimojawapo. Wakampunguza pamoja na wenzake mia na kitu, akapewa barua ya kushukuriwa. Alikuwa amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kijana mpole, mrefu, ana mabega ya Tomasi, tena ana ile tabia ya Tomasi ya kufunga kamba za viatu huku anaongea nawe. Nilimpenda, na kumtazama kuliniumiza, na yote mawili niliyaficha.

Siku moja mwaka wa tisini na tatu alikuja akakaa juu ya gunia langu la mkaa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ondoka kwenye mzigo wangu, utaupa uvivu wako."

Hakucheka. "Babu, Halifax ni bandari, eeh? Meli kubwa zinafika?"

Akanieleza kila kitu kwa sauti ya chini. Wapo vijana Dar wanaozamia, yaani wanajificha ndani ya meli za mizigo mpaka majuu. Yeye na rafiki yake Geofrey, aliyepunguzwa pamoja naye kiwandani, wamepata wenzao wawili wanaoijua bandari. "Hapa Bongo hapakaliki, babu. Wenzangu wanakwenda kubahatisha tu. Mimi nina mtu kule. Nina mjomba."

Nilimfokea. Nilimwambia meli siyo basi la kwenda Gairo kwenye mnada. Nikamwambia habari za baridi, za giza la chini, za manahodha wasiopenda mizigo wasiyoiandika. Alinisikiliza kwa heshima zote, huku anafunga kamba ya kiatu.

"Lakini wewe ulikwenda, ukarudi," akasema. "Na mjomba alikwenda, akatulia."

Nikainama kufunga gunia.

Nilijipa moyo kwamba Scholastika atamkatalia. Hakumkatalia. Wiki mbili baadaye Rogers alipanda Kinole kuaga, nikapanda naye, na nikamkuta mama mtu amechinja jogoo na kukusanya ndugu. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake tangu ile siku ya vigelegele. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, baba ni mgeni anayeheshimiwa. Kumpeleka Rogers kwa Tomasi kwake ilikuwa kumrudisha kwa mwenyewe. "Ingekuwa siyo kaka yangu," akaniambia, "huyu nisingemruhusu avuke hata Mto Ngerengere."

Tulipokaa kula, akaingia ndani, akatoka na lile blanketi la kijivu. Alikuwa amelitunza kwa majani ya mkaratusi, halina tundu hata moja. Akalikunja na kumwekea Rogers mapajani. "Mpe mjomba wako. Hata kama amesahau sura zetu, akiliona hili atajua umetoka kwangu."

Hapo nilishindwa. Niliweka tonge chini.

"Scholastika," nikasema, "lirudishe hilo blanketi. Tomasi hayupo. Alikufa baharini mwaka wa arobaini na mbili. Meli yake ilipigwa, akazama mbele ya macho yangu."

Halafu Pili, mdogo wake Scholastika, mwanamke mwenye ulimi mrefu kuliko mchi, akapiga makofi. "Samaki wakamla?"

"Wakamla," nikasema.

"Na wewe wakakuacha kwa nini? Walionja wakakuta umekauka?"

Nyumba nzima ikalipuka. Nikasema, "Sitanii." Pili akainuka na kunyoosha mikono juu, "Jamani sikieni, mtani anasema hatanii!" Ndiyo ikawa kabisa. Wazee waligongana mabega. Scholastika alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mpeni kidari," akasema. "Ndicho anachokililia. Anamuua kaka yangu kwa sababu ya kidari!"

Kidari cha yule jogoo kikawekwa kwenye sahani yangu. Ningeweza kusimama. Ningeweza kuapa kwa kaburi la mama yangu, kiapo ambacho mtani hakitumii kwenye utani, na wote wangenyamaza. Nilikuwa na nafasi hiyo na niliiona. Nikakitazama kile kidari, nikakila.

Mtu mmoja tu hakucheka. Kesho yake asubuhi tuliteremka pamoja, mimi na Rogers, kwenda barabarani kusubiri lori la ndizi. Blanketi alilifunga mgongoni. Tulipofika kwenye kijito chini ya shamba la Tomasi akasimama, akaweka mguu juu ya jiwe na kuanza kufunga kamba ya kiatu.

"Babu. Yale ya jana yalikuwa utani, eeh? Niambie mimi, siyo mama."

Hakukuwa na mtu mwingine. Hakukuwa na Pili. Alikuwa ameniuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima, na kwa macho yake nilijua nikisema neno moja atageuka na kupanda mlima kurudi kwa mama yake. Lakini ukimwambia kijana kwamba mjomba wake alikufa, atauliza alikufaje. Ukimwambia alikufaje, atauliza wewe ulikuwa wapi. Niliiona kamba iliyoviringwa karibu na mguu wangu. Nikaona mkono ulioinuliwa.

"Utani, mwanangu," nikasema. "Nenda salama."

Akatabasamu, akashukuru, akanishika mkono kunivusha kijito, maana mawe yalikuwa yanateleza.

Miezi saba ilipita bila habari. Scholastika alinitumia salamu mara mbili kwa wauza ndizi, akiuliza kama barua za Kanada huchelewa, nami nikajibu kwamba huchelewa sana. Mkaa niliuza vibaya. Nilimpa mteja mmoja gunia la mteja mwingine, nikagombana na watu ambao hawakunikosea.

Geofrey akaja mchana mmoja wa Juni. Sikumtambua mpaka aliponisalimia. Alikuwa amekonda, meno mawili ya mbele hayapo, na kwapani ameshika furushi. Lilikuwa blanketi la kijivu. Nikakaa chini kwenye vumbi la mkaa kabla hajaongea.

Walikuwa wanne, chini ya shehena ya magunia. Siku ya kumi na mbili, wamekwisha kuipita Rasi ya kule kusini mwa Afrika na meli inapanda kaskazini, maji yao ya kunywa yakaisha, mmoja akaanza kuweweseka na mabaharia wakamsikia. Geofrey alikuwa amejisogeza mbali, nyuma kabisa ya magunia, kwenye upenyo wa mtu mmoja, amejifunika blanketi la Rogers. Waliwatoa watatu. Aliwasikia wakiulizwa mko wangapi. Rogers ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza chake cha kiwandani, kwamba wako watatu.

"Walipigwa," Geofrey akasema. "Wakaulizwa tena. Akasema watatu. Halafu wakapandishwa juu. Nikasikia kelele, babu, halafu sikusikia kitu. Bandari iliyofuata niliponyoka nikakamatwa, na polisi wa huko ndio walioniambia meli haikushusha mtu mwingine yeyote. Wenzangu hawakupewa hata mashua. Waliwatupa."

"Alikuita?"

"Hakuniita. Alijua nilipo, na hakuniita." Akafuta pua kwa mkono. "Ningeweza kutoka. Sikutoka."

Nilipiga hesabu ya njia ile kichwani: Rasi, kisha kaskazini. Ni Atlantiki. Bahari ile ile, ukoo ule ule, mjomba na mpwa.

Geofrey alikuwa ametazama chini muda wote. Sasa akainua uso na ndipo nikajua kwa nini alikuja kwangu kabla ya kwenda mlimani. "Babu, mama Rogers ni mtu mzima. Habari hii itamuua. Mimi nimefikiri njiani kote. Tumwambie amefika. Tuseme amempata mjomba wake, anakaa naye, wote wazima. Wewe atakuamini."

Nilimtazama. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na tayari nilimwona ana sabini, amekaa juu ya gunia mahali fulani, anaulizwa habari za Rogers na kuongeza watoto. Nilihisi hasira ambayo sijui ilikuwa ya kwake au ya kwangu. Nikalichukua blanketi mikononi mwake.

"Hapana," nikasema. "Simama twende."

Tulimkuta Scholastika katika shamba la Tomasi, ameinama anapalilia mananasi. Alituona kwa mbali. Akanyooka taratibu, mkono kiunoni, na tulipokaribia macho yake hayakuwa kwangu wala kwa Geofrey. Yalikuwa kwenye blanketi.

"Mtani," akasema, "leo usinitanie."

Nilianza na Tomasi, kwa sababu ndiye aliyeanza. Nikamweleza yote pale pale kati ya migomba, kwa maneno machache, kama ninavyoeleza hapa. Geofrey akaeleza ya kwake. Scholastika hakulia na hakukaa. Aliuliza maswali mawili tu, na yote aliniuliza mimi.

"Kaka yangu alikuita?"

"Aliniita. Mara tatu."

"Ukafanya nini?"

"Nilirudi nyuma, asinione."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa njia ya kwenda mahali na sasa ameielewa. Kisha akainama, akamalizia ule mstari wa mananasi mpaka mwisho, sisi tumesimama. Nilitamani anipige kwa jembe. Nasema kweli, nilitamani.

Msiba uliwekwa, wa watu wawili kwa mara moja. Scholastika aliamuru makaburi mawili yachimbwe katika shamba la Tomasi. Blanketi akalichana katikati kwa mikono yake, nusu kwa kila mmoja, kwa kuwa miili haikuwapo. Wazee wa ukoo wake waliposikia niliyoyafanya, wengine walitaka nifukuzwe mlimani, na utani wa msiba ufanywe na mtu mwingine wa ukoo wangu, wapo wengi. Yeye akakataa. "Mtani wa Tomasi ni Kondo," akasema. "Afanye kazi yake." Uongo wangu waliujua, lakini namna Tomasi alivyoniita, na kwamba nilirudi nyuma, hakuwaambia. Hayo alibaki nayo yeye na Geofrey.

Basi nikafanya. Nilificha jembe, wakalitafuta bila kucheka. Nilitembea kama Tomasi, lakini waliobaki wanaokumbuka mwendo wa Tomasi ni wachache. Nikafunga kamba za viatu ambavyo sikuwa nimevaa, huku naongea, na hapo wakatambua, akina mama wakaangua kilio kwa ajili ya Rogers. Hakuna aliyecheka. Nikaingia katika kaburi la Tomasi, nikalala chali. Udongo ulikuwa na baridi na maji yalikuwa yakichuruzika upande wa kijito. Niliona kipande cha mbingu na majani ya mgomba, na sikuwa na mzaha wowote uliobaki mwilini mwangu.

Nikainua mkono mmoja. Nikaita, "Mtani!"

Juu mtu akacheka. Nikaita tena, kwa sauti ile ile, sauti ambayo nimeibeba masikioni tangu ujana, na kicheko kikasambaa, kwanza Pili, halafu wazee, halafu wote, kile kicheko cha msibani chenye machozi, kwa sababu waliona sasa mtani ameanza kazi. Walidhani nadai kuku.

Scholastika akaja ukingoni mwa kaburi, ameshika nusu ya blanketi. Yeye hakuwa anacheka. Alinitazama kutoka juu, mimi nikamtazama kutoka chini, mkono wangu bado uko hewani. Ni desturi mtani arushiwe kitambaa ndipo avutwe atoke, na nilijua akinirushia lile blanketi itakuwa amenisamehe, hata kama hatasema neno.

Nikaita mara ya tatu.

Akarudi nyuma. Hatua moja, ya pili, mpaka ukingo wa kaburi ukamficha nisimwone. Watu walikuwa bado wanacheka.